Pure au chotara? Kilichowapata watoto wa Haidi, na sisi tuliowazalisha

Wakuu, habari za mchana.

Juzi nimesoma ule ubishi wa wafugaji humu, nani zaidi kati ya mbwa pure na chotara. Watu walitukanana mpaka wakafika kwenye makabila. Nilitaka kuchangia pale pale, nikaona maneno yangu ni marefu. Nimeona nifungue uzi.

Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu, Singida mjini, nyumbani kwetu Utemini. Majina ya watu nimebadilisha. Dada aliyeng'atwa na mbwa, nitamwita Zuhura, nilimsomea kwa simu kabla ya kuweka hapa. Akaniambia, "Weka, ila usinifanye wa kuhurumiwa." Nitajitahidi.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wa rika langu mnakumbuka. Maduka yaliyokuwa na viberiti na majani ya chai tu ghafla yakajaa redio, vitenge, baiskeli. Mashine za kukamua alizeti zikafunguliwa na watu binafsi. Na wezi nao wakaamka. Mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuibiwa sasa ana stoo nzima, kwa hiyo kila mwenye duka akawa anataka mbwa.

Mbwa wa kienyeji walikuwepo wengi, lakini matajiri wapya walitaka mbwa ambaye mwizi akimwona tu anageuka.

Baba yangu alikuwa dereva wa mradi mmoja wa visima. Mradi ulipofungwa, mzungu mhandisi alirudi kwao na kumwachia Baba mbwa wake jike, German Shepherd, anaitwa Haidi. Baba hakuwa na kazi tena, akafungua sehemu ya kuziba pancha mbele ya nyumba. Haidi alilala kando ya ndoo ya maji akiangalia wapita njia. Alikuwa mpole kuliko binadamu wengi ninaowajua. Sisi watoto tulimlalia mgongoni.

Watu wakaanza kumsumbua Baba. "Huyu akizaa, wa kwanza wangu."

Baba hakukurupuka. Dume wa aina yake hakukuwepo mji mzima, akaenda Ilongero kwa Mzee Ntandu, mfugaji wa ng'ombe aliyefahamiana naye wakati wa visima. Mzee yule alikuwa na dume mwekundu, mrefu, kifua kipana, mbwa wa machungani. Haidi alipelekwa juu ya lori lililokuwa linafuata alizeti, amefungwa kamba, na madume ya mji mzima yanalifukuza lori kwa nyuma. Watu walicheka sana siku ile.

Mzee Ntandu hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakupenda kubembelezwa. Nilikuwepo, nilikwenda na Baba. Alimzunguka Haidi, akamfungua mdomo, akamshika miguu ya nyuma mmoja mmoja.

"Amewahi kung'ata mtoto?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Mama yake je?"

Baba akasema hamjui mama yake, mzungu hakumwambia.

Mzee akaguna. "Basi utakaa na watoto wake mpaka uwajue. Kwangu, mbwa anayeng'ata mtoto au kuua mbuzi hazai. Hata awe mkubwa kama ndama." Halafu akadai jike mmoja wa uzao ule kama malipo ya dume lake. Wakakubaliana.

Wale chotara walitoka wazuri, wakuu. Masikio yalisimama nusu. Rangi zilichanganyika, mwingine mwekundu mwenye uso mweusi. Hawakuwa wa kupiga nao picha. Lakini kupe hawakuwaangusha, jua la Singida waliliweza, na usiku mtu hakusogea getini. Baba aliwagawa kwa watu aliowachagua, na kila Jumapili baada ya kanisa alipita kwenye nyumba zile kuangalia wanakula nini. Mama alimtania kwamba amewaoza mabinti.

Sasa anaingia Baba mdogo.

Baba mdogo Elia ndiye mdogo wake Baba wa mwisho. Alikuwa karani wa ushirika. Ushirika ukayumba, wakapunguzwa, akaja kukaa kwetu na mkewe. Sitaki mumwone mtu mbaya. Alikuwa mtu safi, shati limepigwa pasi, Kiingereza kizuri, na ghafla anakaa kwenye kigoda anamsaidia kaka yake kushika tairi. Lile jambo lilimla ndani.

Elia aliona kwenye wale mbwa njia ya kusimama tena. Ila alisikia wafanyabiashara wakianza kusema, "Chotara si mbwa kamili. Dodoma watu wana pure." Akalichukua lile neno.

Mwaka uliofuata alikuja mkandarasi wa barabara kutoka Arusha akiwa na dume la German Shepherd. Elia akamwomba, Baba akakubali, Haidi akapandishwa. Watoto wakatoka pure, na mji ukachanganyikiwa. Wengine walikufa kwa magonjwa ya kupe wakiwa wadogo, lakini waliobaki walikuwa wa kuvutia kweli. Elia akabakiza dume mmoja, akamwita Bosi. Mkandarasi akamaliza kipande chake cha barabara, akaondoka na mbwa wake.

Bosi alipokua, Elia akamwendea Baba jioni tukiwa tunakula. Alisema kama mtu aliyefikiri siku nyingi.

"Kaka, Haidi ameingia joto. Bosi yupo hapa hapa."

Baba aliacha tonge. "Bosi ni mtoto wake."

"Ni wanyama, kaka. Hawajui."

"Wao hawajui. Wewe unajua."

"Tusipofanya hivyo damu inapotea. Tutarudi kwenye wale wekundu wa Ilongero."

"Na iwe hivyo. Ng'ombe wenyewe hatuwaachii hivyo, sembuse mbwa ninayemweka kwenye nyumba ya mtu."

Yakaishia hapo. Tulidhani yameisha.

Wiki ile ile tukapata taarifa kwamba babu, baba yake mama, amefariki huko Misigiri. Nyumba nzima tukaenda msibani, akabaki Elia kulinda. Tulikaa mpaka matanga yakaanuliwa. Tuliporudi tulikuta kila kitu shwari, mbwa wamefungwa kila mmoja mahali pake. Elia alitupokea vizuri, akalia kwa ajili ya babu.

Haidi akaanza kujaa tumbo. Baba alidhani dume fulani la jirani limeruka ua.

Siku alipozaa, Baba alichuchumaa pale bandani akiwageuza watoto mmoja mmoja kwenye mwanga. Wote weusi wenye rangi ya mchanga miguuni. Hakuna mwekundu hata mmoja. Elia alikuwa amesimama mlangoni.

"Elia, baba wa hawa ni nani?"

Elia alitazama pembeni. Baba hakuuliza tena. Aliinuka, akanawa mikono, akaenda kuziba pancha mpaka giza likaingia. Kwa miezi walisalimiana tu.

Watoto wale walikuwa wachache na wadogo. Mmoja alikufa bila kufungua macho. Jike mmoja alichelewa sana kusimama, alikuwa anajivuta kwa kiuno. Haidi mwenyewe hakurudi kwenye hali yake, manyoya yalimtoka mbavuni, hatimaye akafa siku moja ya mvua akiwa amelala kando ya ndoo. Baba alimzika nyuma ya choo bila kumwita mtu.

Lakini dume mmoja kati yao alikuwa mzuri ajabu. Masikio kama mikuki.

Mzee Salehe, mwenye duka la jumla karibu na soko, baba yake Zuhura, alimwona akamtaka. Familia yao ni Waislamu, watu wa hapa hapa kwa upande wa mama, upande wa baba asili yao ni Pangani. Mbwa kwao alikuwa wa ulinzi wa ua tu, hakuingia ndani. Zuhura nilikaa naye dawati moja toka darasa la tatu.

Baba alimwambia, "Bwana Salehe, hawa si wa kuuza."

"Umeshawaahidi wengine?"

"Hapana. Si wa kuuza tu."

Mzee Salehe alichukia. Alidhani Baba anamdharau au anamwekea mizengwe kwa sababu ya dini. Na Baba, wakuu, alishindwa kutamka mbele ya mtu anayemheshimu kwamba dume limempanda mama yake nyumbani kwake. Aliona aibu.

Haikupita muda yule mtoto wa mbwa akaonekana kwenye ua wa Mzee Salehe. Elia alikuwa amempeleka kwa njia ya mlango wa nyuma, na wenzake wazima nao akawagawa hivyo hivyo. Baba alipojua, aliliacha hivyo. Alisema anataka amani na mdogo wake.

Mbwa akaitwa Sultani. Alikua haraka. Watu walipita kumwangalia getini. Ila alikuwa anapenda kukaa, akiinuka anainuka kwa hatua, mbele kwanza, halafu nyuma. Akitembea makalio yanayumba. Wauza duka walimcheka, "Sultani anatembea kitajiri." Hata mimi nilicheka.

Ilikuwa baada ya shule. Zuhura alikwenda kumbadilishia maji. Sultani alikuwa amelala mbele ya sufuria, akaitwa hakuinuka. Zuhura akamsukuma kwa mkono, kule nyuma kwenye nyonga.

Alimng'ata mkono, halafu shavu.

Nilisikia kelele toka barabarani maana nilikuwa nakuja kwao. Nilipoingia, Mama Zuhura amemfunika mwanaye kwa kanga na kanga imelowa. Vijana wa dukani walikuwa na mapanga na mpini wa jembe. Sultani alikuwa kwenye kona, anatetemeka, amejikojolea.

Mzee Salehe ndiye aliyewazuia. Alisema akiuawa sasa hatutajua kama ana kichaa. Wakamfungia kwenye stoo tupu ya chumvi, Zuhura akakimbizwa hospitali. Huko walisema hivyo hivyo: anzeni sindano, na mbwa awekwe chini ya uangalizi, msimuue.

Wakuu, kama hujawahi kusubiri kuona mbwa kama atapata kichaa, huku mtoto aliyeumwa amelala chumba cha pili, omba usisubiri. Kila mtu kwenye ule ua alikuwa anasikiliza mlango wa stoo. Akibweka wanashtuka. Akinyamaza wanashtuka zaidi.

Baba alikwenda siku ya pili. Nilimfuata kwa sababu nilitaka kumwona Zuhura. Alivaa koti lake la kanisani. Elia alikuja nyuma yetu bila kuitwa.

Mzee Salehe alikuwa barazani. Hakutukaribisha kukaa.

Baba akasema, "Nimekuja kukwambia kitu nilichopaswa kukwambia mwanzo. Yule mbwa, baba yake ni kaka yake. Mama yake alipandwa na mtoto wake mwenyewe. Ndiyo maana nilikwambia si wa kuuza. Nilikwambia nusu, nikaona haya kumalizia."

Mzee Salehe akasema, "Ungemalizia, mwanangu angekuwa na uso wake."

"Ndiyo," Baba akasema.

Elia akaanza, "Mzee, kosa ni langu, kaka alinikataza..."

"Sijakuuliza wewe." Mzee Salehe alisema bila kupaza sauti. "Wewe uliniambia ni damu safi. Nikafurahi. Nikawaambia na rafiki zangu."

Wakati huo bwana mifugo wa wilaya akafika kumwangalia mbwa kama alivyopangiwa kufanya kila siku. Siku ile aliona Sultani anakula, anakunywa, macho yako sawa, akaamua kuingia na kumfunga mdomo kwa kitambaa ili ampime vizuri. Elia ndiye aliyemshika kichwa, maana mbwa alimjua. Sisi tuliangalia kwa mlangoni.

Alimpapasa kichwa, shingo, kifua. Sultani ametulia. Aliposhika nyonga na kuuvuta mguu wa nyuma kidogo tu, mbwa alilia. Hakubweka, alilia, sauti nyembamba kama ya mtoto. Akajaribu mguu wa pili, ikawa vile vile.

"Huyu nyonga hazijakaa kwenye mashimo yake," akasema. "Kazaliwa nazo. Kila anapoinuka anaumia."

Nikageuka nikamwona Zuhura. Alikuwa ametoka chumbani, bandeji imemfunika nusu ya uso, amejishikilia kwenye ukuta. Mama yake anamvuta arudi, hataki.

"Kumbe nilimgusa panapouma," akasema.

Mzee Salehe alifunika macho kwa kiganja.

Muda wa uangalizi ulipita na kichaa hakikuonekana. Zuhura alipona, kovu likabaki, lipo mpaka leo, anaishi nalo na ana watoto na biashara zake. Mbwa hakuweza kubaki pale, na hakuna aliyeweza kumchukua. Bwana mifugo alisema dawa ya kurudisha nyonga zile hana. Baba na Mzee Salehe wakakubaliana apigwe sindano alale moja kwa moja. Elia akaomba amshike yeye. Alikaa chini kwenye sakafu ya stoo na shati lake jeupe, kichwa cha mbwa mapajani, akimwita kwa jina. Mpaka dawa ilipofanya kazi alikuwa bado anaita.

Baada ya hapo Baba alizunguka kwa kila aliyechukua mtoto wa uzao ule, akawaambia ukweli wote, pamoja na ile sehemu ya aibu. Mmoja alimrudishia mbwa. Mwingine alimcheka, akasema Baba anataka kumnyang'anya ili auze Dodoma. Huyo baadaye alimpandisha mbwa wake kwa jike wa uzao ule ule, na mambo yaliyotokea huko si ya kusimulia. Bosi alihasiwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ubishi wenu unaponikera.

Mji uligeuka. Watu wakasema mbwa pure ni balaa, tunataka chotara. Basi kila mtu akawa anachanganya tu. Dume kubwa lolote kwa jike lolote. Jirani yetu alikuwa na kijike kidogo cha kienyeji, akakipandisha kwa dume zito la mfanyabiashara wa mafuta ili apate "chotara wa kizungu". Watoto walikuwa wakubwa mno, wakashindwa kutoka. Kijike kile kilikufa kikihangaika chini ya mkokoteni mchana kutwa. Na ile mimba ilikuwa ya chotara, wakuu, haikuwa ya pure.

Kwa hiyo mnaponiuliza niko upande gani, sina upande. Wale wekundu wa Ilongero hawakuwa wazuri kwa sababu walichanganywa. Walikuwa wazuri kwa sababu wazee wawili walikaa chini wakaulizana nani ameng'ata nani, na mmoja wao akafuatilia nyumba hadi nyumba. Ile pure ya mkandarasi nayo ingeweza kuendelea vizuri kama tungekuwa na subira ya kutafuta dume jingine mbali, na kama hakuna, kukubali kwamba hakuna.

Siku hizi naona kwenye simu vijana wanauza chotara wenye majina mapya mapya, picha nzuri, utepe shingoni. Nilimpigia mmoja nikamwomba nimwone mama wa watoto. Akasema mama yuko Moshi. Nikauliza amezaa mara ngapi. Akakata simu.

Ukitaka mbwa, muone mama yake amesimama. Mwangalie akitembea. Mshike nyonga. Muulize mwenye mbwa jambo linalomtia aibu, uone kama atamalizia sentensi. Na kama wewe ndiye mzalishaji, jike akichoka mwache apumzike, na usimpe mtu mbwa ambaye huwezi kusimulia ukoo wake mbele ya watoto wa nyumba hiyo.

Nimalizie habari ya Baba mdogo, maana najua mtauliza.

Yule jike aliyekuwa anajivuta kwa kiuno hakuna aliyemtaka. Elia alimchukua. Alipopata kazi ya kuandika hesabu kwenye mashine ya alizeti akahama na mkewe, akahama naye. Hakumzalisha. Alimshonea mkanda wa gunia wa kumnyanyulia sehemu ya nyuma, na kila asubuhi kabla ya kazi alimtoa nje hatua kwa hatua, yeye ameinama na shati lake limepigwa pasi, wanazunguka nyumba mara moja, anamlaza juani. Watu walimwita mwendawazimu. Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka mbwa alipokufa mwenyewe kwa uzee wake.

Mzee Salehe alikuja kumpa pole. Walikaa barazani, akanywa chai ya Elia.

Ni hayo, wakuu. Mwenye mbwa aliyepata shida ya namna hii, au anayezalisha na ana utaratibu wake, aweke hapa tujifunze. Mkinitukana nitasoma pia, ila Zuhura naye anasoma.